Bamba Namba Tatu

Jumamosi ile mjinga alikuwa Inspekta Yunus, na yeye mwenyewe hakatai. Ukimuuliza leo atakuna kidevu akwambie: "Tulikuwa watu thelathini pale uwanjani, wengine wamelewa tangu asubuhi, na bado mjinga nilikuwa mimi." Miaka ishirini na miwili ya upelelezi Kisangani. Amepigwa na wezi, amepigwa na wakubwa zake, amepigwa hata na mama mmoja wa sokoni kwa mwiko wenye mafuta ya moto, na kila kipigo kilimwachia somo. Alikuwa bado hajapigwa na sumaku.

Mambo yalikuwa hivi. Kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, barabara ya Banalia, chama cha wawindaji wenye vibali na walinzi wa msitu waliostaafu kilikuwa na mashindano yake ya bunduki tatu. Mshindani anaanza na bastola kwa shabaha za karibu, anashika bunduki ya marisau kwa zile za kati, anamalizia na raifoli kwa mabamba matano ya chuma yaliyosimama mbali, saa ikimkimbiza. Bamba likianguka, pointi. Likilia tu likabaki limesimama, hamna kitu. Risasi za raifoli kila mtu huchagua mwenyewe, ila kwa sharti moja: zisiwe na moyo wa chuma kigumu, kwa sababu hizo huchimba mabamba.

Saa sita kasorobo, mlinzi mstaafu aitwaye Alfani, mzee wa miaka sitini na tatu, alipiga bamba namba tatu. Likaanguka kwa risasi moja. Na Merdi, mwalimu wa shule ya msingi ambaye kila mashindano hukaa karibu na mabamba nyuma ya mifuko ya mchanga akihesabu, naye akaanguka. Kipande cha risasi kilikuwa kimemwingia jicho la kushoto.

Yunus alifika na sumaku mfukoni. Alikuwa amesikia zamani, kwenye mafunzo, kwamba sumaku hushika risasi ngumu, na kwa kuwa polisi hawakuwa nayo, alipita nyumbani kwake akaing'oa kwenye spika ya redio yake. Redio hiyo ndiyo ilikuwa kitu pekee kilichozungumza ndani ya nyumba ile tangu mkewe afariki. Hakufikiria mara mbili. Mjinga hana muda.

Akawapanga washindani mbele ya meza, kila mmoja na risasi zake. Alianza na Ezéchiel, mfanyabiashara wa vyakula vya jumla, mshindi wa miaka miwili mfululizo, ambaye kama bingwa ndiye aliyefungua mashindano, Alfani akimfuata. Ezéchiel akafungua boksi lake: risasi ishirini za shaba, zinang'aa kama meno ya bwana harusi. Sumaku ikapita juu yake bila kutikisika. Akafuata wa pili, wa tatu. Kimya. Alipofika kwa Alfani, tak! Risasi iliruka ikaing'ang'ania sumaku.

"Ndiyo hiyo!" mtu akapiga kelele.

Yunus akatoa pingu.

*

"Juu ya nini ulichagua risasi hizi?" Yunus aliuliza sababu, mchana huohuo, kalamu mkononi.

"Juu ya uzito, chef." Alfani alikuwa amekaa wima kwenye kiti kama mtu aliyekuja kuomba kazi. "Bamba ya mbali haianguke juu ya ugumu. Inaanguka juu ya uzito. Risasi nyepesi inafika mbio, inapiga kelele, bamba inaicheka. Mimi nabeba ya kichwa kizito. Inaenda pole kidogo, lakini ikifika inasukuma. Na zote ziwe za boksi moja. Ukichanganya, moja itaenda juu, ingine chini, halafu utatukana bunduki."

"Sumaku imezishika."

"Imeshika koti."

"Koti gani?"

"Risasi iko na koti, chef. Juu kuko shaba, chini ya shaba kuko chuma nyembamba kama karatasi, ndani kabisa kuko ile madini laini ya kijivu wavuvi wanafunga ku nyavu. Kata moja, utaona."

"Nikate risasi inilipukie? Ungependa hivyo."

Alfani alicheka kidogo, akaacha alipoona anacheka peke yake. "Bon. Na bamba, umeiangalia? Kwetu, mwenye kumaliza kupiga ndiye anakamata brashi, anamupakia mwenzake mabamba rangi nyeupe, alama za huyu zisichanganyike na za yule. Bamba ikiwa laini, risasi inapasuka, inashuka chini ku udongo. Bamba ikiwa na kishimo, inaitapika kokote. Donc mwenye brashi akiona kishimo, anapiga filimbi, kila kitu kinasimama. Ndiyo desturi."

"Papa, mimi sikukuuliza habari za rangi."

Na hakuandika hata neno. Karatasi ile bado ipo. Kati ya "nabeba ya kichwa kizito" na swali linalofuata kuna nafasi nyeupe, kubwa ya kutosha kumzika inspekta mmoja.

Swali lililofuata lilikuwa la kawaida. Kwenye kasho za kule, yaani mahabusu, serikali hutoa ukuta na kufuli. Chakula huletwa na jamaa. Kwa hiyo lazima iandikwe.

"Nani atakuletea chakula?"

Alfani aliangalia mlango, kisha mikono yake. Alikuwa na nyumba karibu na mto Tshopo, na ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na yeye.

"Andika 'hakuna,'" akasema.

Saa arobaini na nane, ndizo sheria ilizompa Yunus. Jumatatu saa sita mchana Alfani angepelekwa kwa mwendesha mashtaka, na kutoka huko gereza kuu. Na mtu asiye na wa kumletea sahani akiingia gereza kuu amehukumiwa kabla ya hakimu kuvaa joho.

*

Jumapili asubuhi nyumba ya Yunus ilikuwa kimya hadi akasikia maji yakichemka chumba cha pili. Alinyoosha mkono kuwasha redio kwa mazoea. Redio ikawaka taa yake nyekundu, ikamwangalia. Akanywa chai amesimama, akaenda kazini siku ambayo si ya kazi.

Djuma, mlinzi wa kasho, alikuwa mlangoni na bakuli la bati lililofungwa kwa kitenge.

"Ya nani?"

"Ya mzee Alfani, chef. Jana jioni ilikuja, leo tena. Lituma ya ndizi na samaki." Djuma alinusa. "Na samaki si ya mufupa tupu."

"Amesema hana mtu."

"Ndiyo maana. Mama mwenye kuleta hataki kusema jina. Anasema tu, 'Ni ya ule papa hana mutu.'"

Ndani, Alfani alikula nusu. Nusu nyingine akaifunika vizuri na kuisogeza pembeni, kama mtu asiyeiamini kesho. Hakuuliza imetoka wapi. Yunus, aliyekuwa akimtazama kupitia nondo, akamwambia Djuma amzuie yule mama akija tena, akaondoka.

Hospitalini Merdi alikuwa amelala na bendeji nusu ya uso. Kitanda cha jirani kilikuwa na wageni saba na sufuria mbili. Chake kilikuwa na kiti kitupu. Yunus akakikalia.

"Bamba namba tatu," Merdi akasema kabla hajaulizwa, "ilianguka?"

"Ilianguka."

"Moja, basi. Waandikie moja. Sikupata muda."

"Mwalimu, ulikuwa umesimama wapi?"

"Pale pangu. Miaka ine nasimama pale pale, nyuma ya mifuko, kichwa nje kidogo. Vipande vinashukaka chini, haviji kwangu hata siku moja. Ile siku kilikuja moja kwa moja, kama kilinijua jina."

"Kabla ya Alfani?"

"Ezéchiel." Alifumba jicho lililobaki, akaangalia ndani ya kumbukumbu. Mwalimu wa hesabu hata akilala anahesabu. "Moja ikaanguka, mbili ikaanguka. Tatu ikalia, haikuanguka. Akapiga ine na tano, zikaanguka. Ile ya tatu ililia vibaya."

"Vibaya namna gani?"

"Bamba inaimba, Inspecteur. Ngeee, inavuta. Ile ya Ezéchiel ilikata fupi. Kama mutu umemuziba mudomo."

Yunus aliandika hilo. Safari hii aliandika hata mahali alipovuta pumzi.

*

Kahambu, mjane kutoka Butembo, ndiye mtunza ghala wa chama cha wawindaji. Yunus alimkuta ametoka misa, bado na viatu vyake vya kanisani, akamwekea mezani risasi mbili za Alfani.

"Naweza kuikata bila kufa?"

"Ukiikata weye, utakufa. Nikiikata mimi, utajifunza." Akaibana risasi kwenye kibano chake, akaichomoa kichwa kwa koleo, akamwaga baruti kwenye kisahani mbali na jiko. Kile kichwa akakipiga tupa upande mmoja, taratibu, kama mtu anayemenya ndizi. Shaba ikatoka. Chini yake, chuma chembamba kama ganda la yai. Kisha kijivu. Kahambu akachomoa kipini cha nywele, akakichora kile kijivu. Kikakubali kuchorwa kama sabuni.

Yunus akakijaribu kile kijivu kwa ukucha.

"Sumaku yako," Kahambu akasema, "inapenda bonbon juu ya karatasi yake, pipi yenyewe haijaonja."

"Sawa, mama. Nimesikia."

"Haujasikia. Sema, Ezéchiel alikuonesha boksi?"

"Ishirini. Safi kabisa."

"Ishirini." Kahambu akavua miwani. "Boksi inakuwaka ya ngapi?"

"Ya ishirini."

"Na mutu alikuwa ametoka kupiga?"

Yunus akaitazama mikono yake. Alikuwa amelishika boksi lile kwa mikono yake miwili. Alikuwa amelisifia hata. Mtu aliyemaliza kupiga mabamba matano, na boksi lake limejaa hadi kona ya mwisho.

"Lile lilikuwa boksi la kuonesha," akasema polepole.

"Kumbe redio haikufa bure." Kahambu alikuwa amesikia habari ya redio, mji mzima ulikuwa umesikia. "Mwaka jana bamba ya tatu ilimukatalia Ezéchiel. Ililia, haikuanguka. Alikuja hapa ghalani, akaniomba risasi ngumu. Nikamwambia, papa, ugumu si uzito, ngumu itatoboa mulango haitaufungua. Akakasirika, akaenda zake. Alipata wapi ingine, sijui."

"Na mabamba? Ni ya zamani?"

"Zamani wapi! Fundi aliyaleta Ijumaa. Ku mugongo kuko bado chaki yake. Chukua tupa yangu, utanirudishia."

*

Jumatatu saa moja asubuhi machimbo yalikuwa na ukungu na Yunus, basi. Mabamba manne yalikuwa yamesimama. Namba tatu ilikuwa imelala chali palepale ilipoangushwa, nyeupe, na katikati alama ya kijivu iliyotawanyika kama yai lililopasukia sakafuni. Risasi laini ya Alfani. Ila yai lile lilikuwa na tundu. Upande wa kushoto wa alama, rangi ilikuwa imebonyea.

Akapiga magoti. Kishimo, upana wa ncha ya kidole chake kidogo. Na ndani ya kishimo, rangi nyeupe. Haikuwa rangi iliyopita tu na brashi. Ilikuwa imejazwa, imesindikwa hadi juu, ikakauka ngozi. Kijivu cha Alfani kilikuwa juu ya rangi hiyo.

Akahesabu kwa vidole, magoti yake yakilowa umande. Risasi ya Alfani ilitua juu ya rangi. Rangi ilitua juu ya kishimo. Kwa hiyo kishimo kilizaliwa kwanza, kikafunikwa, ndipo Alfani akapiga. Mtu mmoja tu alikuwa amepiga kabla ya Alfani, na kwa desturi yao, ambayo inspekta fulani alikataa kuiandika, mtu huyohuyo ndiye aliyeshika brashi.

Akachuja udongo chini ya bamba kwa vidole. Baada ya nusu saa akapata kitu kama msumari mfupi mweusi, kimechongoka. Akakipitishia tupa ya Kahambu. Tupa iliteleza. Moyo wa chuma kigumu.

Akageuza bamba. Mgongoni, chaki ya fundi: namba tatu, na tarehe ya Ijumaa.

*

Saa nne Ezéchiel alikuwa ameketi ofisini kwa Yunus, shati jeupe, saa nzuri mkononi. Bamba lilikuwa limeegemea ukuta. Kile kimsumari kilikuwa juu ya karatasi. Alfani alikuwa kwenye benchi la nyuma, ametolewa kasho, anafinya macho kwa mwanga.

"Papa Ezéchiel, boksi ulilonionesha lilikuwa limejaa."

"Nilikuwa na maboksi mawili. Ni kosa?"

"Lile lingine liko wapi?"

"Nilipiga, nikatupa."

"Na hii?" Yunus akasukuma kimsumari.

Ezéchiel akakiangalia bila kukigusa. "Alors, labda. Nilinunua ku mutu ya barabarani, alisema ni laini. Mimi iko muuza unga, Inspecteur, si fundi wa risasi. Kama zilikuwa ngumu, nilidanganywa. Hakuna sheria ya kufunga mutu mwenye kudanganywa."

"Bamba halikuanguka. Ulienda kulipaka."

"Nilipaka mabamba yote matano. Mbio mbio, jua kali, saa inakimbia. Brashi inajaza kishimo yenyewe. Sikuona kitu."

"Brashi ilijaza hadi juu?"

"Brashi yenye rangi mingi." Alijilegeza kitini. Alikuwa amepata njia, na ilikuwa njia nzuri; Yunus aliiona pia. Kishimo kilikuwa ushahidi wa risasi. Rangi ilikuwa ushahidi wa brashi. Lakini kujua hakuachi alama kwenye chuma. Asiyejua hakuwa na filimbi ya kupiga. Aliyejua alimpakia Alfani mtego na kumwacha Merdi amesimama mbele yake, risasi zake ngumu zisije zikajulikana akanyimwa ushindi. Kati ya hao wawili, mwendesha mashtaka angemchagua mwenye shati jeupe. Saa ya ukutani ilisema saa nne na nusu.

"Papa Ezéchiel," Alfani akasema kutoka nyuma, kwa upole, "uliona. Mimi nimepaka mabamba miaka kumi na moja. Kidole kinasikia kishimo hata macho yakifumba."

"Weye nyamaza. Weye ndiye ulipiga Merdi."

"Ndiyo," Alfani akasema. "Mimi ndiye nilipiga."

Akainamisha kichwa.

Mlango ukagongwa. Djuma akachungulia. "Chef, yule mama wa chakula amefika. Nimemukamata, vile ulisema."

"Mwingize."

Aliingia mwanamke mrefu, bakuli la bati mikononi, kitenge kimefungwa fundo juu. Alimwona Ezéchiel akasimama. Ezéchiel naye akasimama, kisha akakaa.

"Mama Wivine," Yunus akasema. Alimfahamu dukani kwa Ezéchiel, ndiye aliyekuwa akipima unga mumewe akipokea salamu. "Kumbe ni weye."

"Ni mimi."

Hapo Ezéchiel alipata nguvu mpya. Akaukunjua mkono kuelekea bakuli kama wakili anayeonesha shahidi wake. "Mnaona? Mnaona sasa! Sikutaka kusema, juu ya sadaka haitangazwe. Huyu mzee hana mutu. Nani amemulisha? Nyumba yangu! Jumamosi, Jumapili, leo. Mutu mwenye roho mbaya, mutu mwenye kuficha kishimo, analisha mwenzake? Kama ningejua kosa ni yangu, si ningekaa mbali na kasho hii? Andika hiyo, Inspecteur. Andika kama sikujua kitu. Hata muke wangu yuko hapa, mumuulize."

Wivine aliweka bakuli mbele ya Alfani. Akafungua fundo la kitenge bila haraka, akamgeuzia kijiko upande wa mkono wake wa kulia. Kisha akamtazama mumewe.

"Jumamosi jioni nilikuuliza juu ya nini tumulishe mutu ametoboa mwalimu jicho, ukaniambia, 'Peleka tu, ule mzee hana kosa.' Mulinzi ameniambia ku mulango, Inspecteur amejua leo asubuhi. Weye, Jumamosi, ulikuwa umeambiwa na nani?"